Kinungu Hakimbii

Kanombe, Kigali
9 Februari 2025

Mwanangu Ntare,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kwanza. Sisi wazima. Goti la mama yako linamsumbua asubuhi tu. Likishapata jua anakwenda kanisani na kurudi bila fimbo, na ile fimbo uliyomletea ameifanya ya kutundikia nguo. Mvua zimekuwa chache. Ndege zinapita juu ya bati langu kama ulivyoziacha.

Barua hii anaichukua Usumani, dereva wa lori anayepakia kwenye maghala ya Gikondo na kupita Dodoma akielekea Dar. Ataiacha kwenye lile duka la vipuri ulilonielekeza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unasema "ndiyo, shangazi" mara tatu kisha laini inakatika, na si mtandao unaoikata.

Kazi ya Keith, bosi wenu, nimeianza. Ulisema kweli: kutafsiri maneno ya mchezo wa kompyuta bila kuucheza ni sawa na kuripoti kesi bila kufika mahakamani. Kwa hiyo napanda ngazi hadi ile ofisi yenu juu ya duka la vitambaa, Kimironko, mwenzenu Keza ananipa pedi ya kuchezea, naingia kwenye milima mliyoitengeneza. Ni nchi kubwa, mtu anakwenda atakako, na hilo nimelipenda. Nina mkuki, ngao ya chuma na fahali wa kupanda.

Nina malalamiko juu ya mnyama mmoja, na naambiwa ni wako. Anaitwa kinungu. Ana ukubwa wa mwanambuzi na miiba laini kama mswaki. Anatoka kwenye majani na kunivamia. Nikimgonga mara moja anakufa. Mwenzake amemwona akifa, naye anakuja. Nikiwa nimepanda fahali anakuja. Nikisoma bango la njiani anakuja. Juzi nilitaka kulala ili mchezo uhifadhiwe, nikaandikiwa kwamba siwezi kulala kwa kuwa adui yuko karibu. Nilizunguka jabali lote kumtafuta. Alikuwa amenasa ndani ya jabali lenyewe, anatembeza miguu, bado anajaribu kunifikia. Nilikuwa ripota kwa zaidi ya nusu ya umri wangu na nimeona watu wengi wakali, lakini wote walikuwa na sababu. Huyu anataka nini?

La mwisho ndilo kubwa. Dada yako Umuhoza amepata mchumba, Bruce, yule kijana wa mizigo pale uwanja wa ndege. Watu wake watakuja kwa gusaba, kumwomba, Jumamosi ya tarehe 9 Agosti. Baba yenu hayupo, na Umuhoza anataka msemaji wa upande wetu awe wewe. Nimeahidi kukuandikia. Nimeandika.

Shangazi yako,
Mukasine


Dodoma
2 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Mimi mzima. Hapa zabibu zinavunwa na jirani yangu ananiletea zile zilizopasuka, ambazo wanunuzi hawazitaki. Nazila nikiwa kazini, kwa hiyo kibodi yangu inanata. Mwambie mama kwamba fimbo ni yake, aitumie apendavyo.

Yule wa kwenye jabali lilikuwa kosa langu. Nilimwonyesha ulipo, sikumwonyesha njia. Nimelirekebisha.

Unauliza anataka nini. Kila mchezo wa nchi wazi una mnyama wa namna hii. Kwingine ni panya, kwingine kaa wa ufukweni, kwingine mbwa mwitu aliyekonda. Wachezaji humchukia kuliko majitu. Jitu unajua linakaa wapi, unalifuata ukiwa tayari. Mnyama mdogo anakuja wakati unachuma majani. Mwanzoni anakufundisha kushika mkuki. Baadaye unakuwa na nguvu, yeye anabaki vilevile, na bado anakuja, na hapo ndipo watu wanapokasirika.

Kinungu ana mambo matatu kichwani: nimemwona, namfuata, namgonga. Hapimi. Kumfanya apime ni mstari mmoja tu wa programu: mwenye nguvu kukuzidi, mkimbie. Sikuuandika. Keith ameniomba niuandike. Tunaendelea kuzungumza kwa maandishi, yeye na mimi.

Habari za Umuhoza zimenifurahisha. Bruce namkumbuka, aliwahi kubeba jokofu letu peke yake. Kuhusu msemaji, baba mdogo Bayingana anajua kusema. Atafaa.

Nasalimia wote.
Ntare


Kanombe
23 Machi 2025

Mwanangu Ntare,

Barua imefika ikinuka dizeli. Tu wazima. Mama yako anakula vizuri. Umuhoza amehamishiwa zamu ya mchana, kwa hiyo sasa tunaonana.

Nilimpelekea jibu lako akiwa anapiga pasi sare yake.

"Baba mdogo?" akasema. "Aliyemtoa Nyiramana kama sahani ya wali?"

"Siku ile alikuwa na njaa," nikasema.

"Na siku yangu atakuwa nayo. Yule njaa yake haina likizo."

Wewe hukuwepo kwa Nyiramana, binti yake, kwa hiyo nakueleza nilichokiona. Wakwe walikuwa ndiyo kwanza wamekaa kwenye hema lao. Unajua inavyotakiwa: mwenyeji anakana, anasema mmekosea nyumba, binti hatuna, kwanza ninyi ni nani. Anazuia mpaka mgeni atoe yote aliyokuja nayo mdomoni. Bayingana alisimama, akatabasamu, akasema, "Karibuni, mtoto wenu yupo ndani, mleteni." Soda zilikuwa hazijafunguliwa. Msemaji wa wakwe alikuwa na sifa na mafumbo ya saa nzima, akayarudisha mfukoni. Nyiramana alitoka nje kiatu kimoja hakijafungwa. Hadi leo kwa wakweze wakitaka kumtania husema, "Wewe ulikuwa mlangoni tayari."

Nikamtajia Umuhoza wale wasemaji wa kukodi. Akasema hataki kuzuiliwa na mtu ambaye jioni hiyohiyo atakuwa Kicukiro akimzuilia mwingine. "Nina kaka," akasema, akarudi kwenye pasi.

Kuhusu mnyama wako. Jumanne Keith alileta wanafunzi wa chuo kujaribu mchezo. Nilikaa nyuma yao na kusikiliza. Mmoja, Ntwali, alikuwa ametoka kuliua joka la ziwani. Kinungu akamvamia.

"Yaani joka nimelimaliza, halafu mswaki unakuja kunitisha?"

"Piga uende," mwenzake akamwambia.

"Nimeshapiga. Wanazaana, sha."

Keith akanigeukia. Unajua alivyokulia Kampala, kwake kila mwanamke mwenye mvi ni aunti. "Aunti, unamwona? Mwambie Ntare ampe macho ya kuona mtu mwenye ngao."

"Akikimbia tutamfukuza," Keza akasema bila kuinua kichwa. "Itakuwa mbaya zaidi."

Keith amesema hivi, nanukuu: kufikia mwisho wa Julai mnyama anakimbia au anaondolewa.

Mambo mawili yanakusubiri. Nangoja jibu la yote mawili.

Mukasine


Dodoma
27 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Usumani alikwama mpakani Rusumo, na barua yako ikakaa naye kwenye lori. Pole kwa kungoja. Mimi mzima. Mwenye nyumba amepaka ukuta rangi ya kijani bila kuniuliza.

Nimewahi kuwafanya wakimbie. Ilikuwa jaribio, hakuna aliyeliona ila mimi. Nilivaa ngao nikapanda mlima wa kaskazini, ule wenye kaburi la mfalme. Kila kitu kikanipisha. Majani yalitikisika, wakatoweka. Nilifika kileleni bila kusimama, nikajisikia kama mtu anayepita vyumba vya nyumba iliyohamwa. Nikaufuta ule mstari.

Wachezaji wanasema kinungu ni mjinga kwa sababu anamvamia asiyeweza kumshinda. Sikumtengeneza ashinde. Lakini nchi ambayo ukipita hakuna anayetoka kukuuliza unakwenda wapi, nchi hiyo haina mwenyewe. Jitu haliulizi, limelala pangoni na hazina yake. Anayeuliza ni huyu mdogo. Atakufa, na wa pili atatoka. Kazi yake ni kutoka.

Nimemwandikia Keith haya kwa ufupi. Amejibu kwa kidole gumba kilichoelekea chini.

Msalimie mama. Msalimie Umuhoza, mwambie hema la rangi yoyote litapendeza.

Ntare


Kanombe
18 Mei 2025

Ntare,

Sote wazima. Leo salamu ni hizo.

Barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nasoma taarifa za wizara: kwanza kilichoandikwa, kisha kilichorukwa. Umeandika juu ya mlima wa kaskazini. Umeruka dada yako, ukampa rangi ya hema.

Una kigugumizi. Umekuwa nacho tangu ulipoanza kusema, na ukoo mzima tumekiita "Ntare ni mpole." Mimi pia nimekiita hivyo. Ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana barua mwaka huu wa 2025, wakati watu wa rika lako wanaonana usoni kwenye simu. Silalamiki, napenda barua. Ila nimeona heri kitajwe na mtu mmoja, kikae mezani.

Ulichoniandikia kuhusu kinungu ni maelezo ya kazi ya msemaji wa bibi harusi, na sijawahi kuyasikia yakisemwa kwa usahihi zaidi. Mwenyeji hawezi kushinda. Haruhusiwi: akishinda hakuna harusi. Anatoka nje mbele ya wageni waliokuja na ng'ombe na mzee hodari wa maneno, anawazuia, anashindwa. Bayingana alikataa kutoka, na Nyiramana analipia hadi leo. Wewe umekataa kumfuta mnyama anayetoka, halafu hutaki kutoka.

Watu wa Bruce wameshapata msemaji wao, mzee Habiyaremye. Ulizia jina lake. Amesema kwenye mahema ya nusu ya mji huu.

Sikuombi uwe mtu mwingine. Nauliza utakuja au hutakuja. Umuhoza hajaagiza kadi kwa sababu ya jibu hilo, na ameniambia kama si wewe atakwenda kwa mtendaji kutia saini ya ndoa na gusaba hakuna. Nadhani anamaanisha.

Mukasine


Kanombe
15 Juni 2025

Ntare,

Usumani amepita Dodoma mara mbili na kurudi mikono mitupu. Anasema haumwi. Kiangazi kimeanza, vumbi limeingia. Kadi bado.

Shangazi


Dodoma
29 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Usumani hana kosa. Mara zote mbili nilimwambia barua haiko tayari. Ilikuwa tayari, na mara zote mbili ilikuwa imesema hapana, nikashindwa kumpa.

Umekitaja, basi nami nitakueleza usichokijua. Watu hudhani naogopa kukwama. Nimekwama maisha yangu yote. Naijua sehemu hiyo kama mtu anavyojua shimo la barabara ya kwao, nangoja, napita. Kinachoniogopesha ni mtu kunimalizia.

Siku ya kumzika baba nilisimama kusema. Ulikuwepo. Nilifika neno la tatu likashika. Lingetoka, shangazi, nilikuwa nalisikia linakuja. Baba mdogo Bayingana akanishika bega akalisema yeye, kwa upole, na lilikuwa neno zuri, watu wakaitikia. Nikakaa. Nililotaka kusema lilikuwa jingine, na sijalisema mahali popote mpaka leo. Miezi michache baadaye nikahamia huku. Sikumchukia. Niliona tu kwamba nikikaa Kigali nitazungukwa na watu wema wanaojua mwisho wa sentensi zangu.

Nitakuja. Nina sharti moja: asinimalizie mtu. Nikikaa kimya hadi jua lihame, wakae. Asikohoe mtu kwa huruma. Asinong'one mama.

Mwambie Umuhoza aagize kadi.

Ntare


Gikondo, nikiwa nangoja lori la Usumani lipakiwe
13 Julai 2025

Mwanangu Ntare,

Kadi zimeagizwa siku ileile. Mama yako mzima, amekwishakaribisha watu wengi kuliko viti. Nilimsomea Umuhoza jibu lako. Alichukua barua akaisoma mwenyewe, akanirudishia.

Leo nimekwenda kwa Bayingana, hapa Gikondo, kwenye gereji yake. Alikuwa chini ya Toyota. Nilimsubiri atoke ndipo nikamweleza.

"Nilimsaidia mtoto," akasema.

"Ulimsaidia. Sasa usimsaidie."

"Akikaa kimya dakika nzima?"

"Kaa naye."

"Watu wakianza kunong'ona?"

"Utakuwa na sambusa mdomoni. Nitahakikisha."

Akacheka, akafuta mikono. Kisha akauliza, "Kumbe lilimuuma?" Nikamwambia swali hilo si langu kulijibu. Alirudi chini ya gari.

Mama yako ni mgumu zaidi. Ameapa. Nimemwambia kuapa hakutoshi, atakaa ndani na mimi na bibi harusi, mbali na kipaza sauti. Kwa hiyo sisi tutasikia tu, hatutaona. Njoo na suti nyepesi. Shuka la begani liko hapa, lilikuwa la baba yako, Umuhoza ameshalifua.

Keith anauliza kuhusu mnyama. Nikamwambia mtu ana harusi. Akasema, "Aunti, mchezo nao una tarehe." Ameongeza wiki mbili.

Safiri salama.
Mukasine


Dodoma
24 Agosti 2025

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama. Nyumba yenu ilijaa wageni hadi siku naondoka na hatukupata nafasi ya kunywa chai wawili, kwa hiyo nakuandikia yale ambayo wewe, ukiwa ndani, hukuyaona.

Mahema mawili yalitazamana kama kawaida. Habiyaremye ni mfupi kuliko sifa zake. Alisimama na fimbo yake akasema wamefuata harufu ya maziwa mema mpaka wakafika kwetu, na wameambiwa hapa yupo binti anaitwa Umuhoza. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa jibu jepesi: "Mabinti wa jina hilo tunao wengi." Neno la kwanza likashika.

Nikangoja. Baba mdogo alikuwa nyuma yangu na niliisikia pumzi yake. Hakunigusa. Watu wa hema letu walitazama chini. Watu wa hema la pili hawanijui, shangazi. Hakuna aliyewaambia. Walichokiona ni mwenyeji aliyesimama wima na shuka begani, anamtazama msemaji wao usoni na hamjibu.

Habiyaremye akatabasamu. Akangoja. Kisha tabasamu likapungua.

"Naona mwenyeji ananipima," akasema. "Basi niseme vizuri zaidi." Akaanza habari za babu yake Bruce, ng'ombe zake, jinsi alivyovuka mto na ndama mabegani. Akamaliza. Mimi bado.

Akawageukia watu wake, na nadhani alisahau kwamba kipaza sauti kiko mkononi. "Huyu ni mgumu," akasema. "Ng'ombe wetu hajamridhisha. Ongezeni mtamba."

Hema lao likapiga makofi. Hema letu halikujua lifanye nini. Na hapo neno likatoka, na yaliyofuata yakalifuata bila shida: "Mabinti wa jina hilo tunao wengi."

Ulisikia kicheko. Nilikiona. Bruce alijifunika uso. Habiyaremye alishika kichwa kwa mikono miwili, fimbo ikaanguka, mtoto akamwokotea. Baada ya hapo nilikwama mara nyingine, sikuhesabu, na kila nilipokwama yule mzee alijazia. Alitusifu mpaka kwa mababu ambao hata sisi hatuwajui. Lilipofika neno la kumtoa, nilikuwa nimechoka kulingoja mimi mwenyewe, nikalisema moja kwa moja.

Wakati wa chakula alinifuata. "Kijana," akasema, "nani alikufundisha kunyamaza vile? Nimesema kwenye mahema mengi, hakuna aliyewahi kuniacha nikining'inia hivyo." Nilitaka kumweleza ukweli. Nikakwama. Akanielekezea kidole akacheka hadi machozi: "Hata sasa!" Akaenda kuchukua nyama.

Sikumdanganya. Nilikuwa bado sijamaliza.

Baba mdogo alinipa mkono jioni, wenye mafuta ya sambusa. Hakusema kitu, na kwake hiyo ni kazi.

Jumatatu, kabla ya basi, nilipita Kimironko. Nikabadilisha kitu kimoja kwenye kinungu, si kile alichotaka Keith. Bado anatoka, bado anakimbilia mtu yeyote, mwenye ngao na asiye nayo. Lakini akifika mbele yake anasimama. Hagongi kwanza. Anasimama tu, miiba imeinuka, anakutazama. Keith alishika pedi akapanda mlima. Kinungu akatoka, akaja mbio, akasimama. Keith naye akasimama.

"Anangoja nini?" akauliza.

Keza akamwambia, "Wewe."

Wale wanafunzi walijaribu pia. Ntwali alimpiga palepale. Wengine wawili walishusha mkuki, wakamzunguka polepole, na naye akawageukia mpaka walipopita. Keith amesema abaki hadi jaribio lijalo. Sikumwomba zaidi. Inabidi utafute neno, kwa sababu "adui" kwenye maandishi halifai tena, na mimi sina jingine.

Ntare


Kanombe
14 Septemba 2025

Mwanangu Ntare,

Marahaba. Usumani amepata lori jipya lenye kiti kinachoegemea, na sasa barua zinafika zimelaliwa. Mama yako mzima. Mvua ya kwanza imenyesha usiku wa juzi na paa la jiko limevuja palepale linapovuja kila mwaka. Umuhoza na Bruce wamepanga nyumba nyuma ya soko la Kimironko. Nimewatembelea, wana jokofu na hawana viti. Habiyaremye ameniuliza kwa simu kama unakubali kusemea familia nyingine mwezi wa Desemba. Nimemjibu kwamba una dada mmoja tu.

Neno la kinungu nimeandika "mwenyeji". Keza amelipenda. Keith anasema wachezaji hawataelewa. Nimemwambia wakisimama wataelewa. Bado tunabishana, na ananilipa tukibishana.

Umeniandikia ya nje. Nakuandikia ya ndani, ili taarifa iwe kamili.

Tulikuwa wanne chumbani: mimi, mama yako, Nyiramana na bibi harusi, amekaa kitandani amevaa tayari, shanga za paji la uso zimeshafungwa. Dirisha lilikuwa na pazia. Sauti ya spika ilifika vizuri. Tulimsikia Habiyaremye akiomba. Kisha hatukusikia kitu.

Unajua ukimya huo ukiwa nje una nyuso. Ndani hauna. Nyiramana aliacha kupaka rangi kucha zake. Mimi nilitazama saa, mazoea ya kazi, kisha nikaigeuza. Mama yako alikuwa amekaa karibu na dirisha mikono magotini, na kwa kweli alijitahidi. Halafu niliona midomo yake inaanza. Alikuwa anakutafutia lile neno. Sauti ilikuwa ndogo sana, isingefika hata kwenye pazia, lakini alikuwa anakumalizia, kama alivyokumalizia tangu ulipokuwa na miaka miwili.

Umuhoza aliinuka kitandani, na nguo zote zile, akavuka chumba akamwekea mama yako kiganja mdomoni. Taratibu, kama mtu anayefunika chungu.

"Mama, mwache," akasema. "Akiwa bado hajasema, mimi bado niko kwetu."

Wakakaa hivyo, mmoja amesimama na mwingine ameketi, mpaka tukasikia mahema yanacheka.

Shangazi yako,
Mukasine